Nafasi za shule za C1: alama peke yake, au na mazingira mtoto alikosomea?

Mzazi wa Kinango

Ndugu wazazi na walimu, naomba tulijadili hili kwa uwazi na kwa heshima. Kundi la kwanza la Gredi ya 9 lilifanya mtihani wa KJSEA mwishoni mwa 2025, likaingia Sekondari Pevu, yaani Gredi ya 10 hadi ya 12, Januari 2026. Tangu hapo kila wazazi wanapokutana, iwe matangani au kwenye mkutano wa shule, swali ni moja: nani anastahili nafasi katika shule za C1, hizi ambazo sisi wa zamani bado tunaziita za kitaifa?

Msimamo wangu nautanguliza ili anayeupinga apate pa kushika. Alama peke yake hazitoshi. Mtoto aangaliwe kwa alama alizopata pamoja na mazingira aliyozipatia, na kanuni ya kupanga nafasi itangazwe kabla ya mtihani, kila kigezo na uzito wake.

Kwa asiyefuatilia sana: matokeo ya mwisho ya mtoto yanatokana na sehemu tatu. Mtihani wa Gredi ya 9 una asilimia 60, ule wa KPSEA wa Gredi ya 6 una 20, na kazi zinazosahihishwa shuleni katika Gredi ya 7 na ya 8 zina 20. Masomo ni tisa, kila somo pointi nane za juu, kwa hiyo mwisho ni pointi 72. Mtoto alijaza shule 12 alizozitaka, kisha kompyuta ikampangia. Wizara ilieleza kwamba iliangalia alama, chaguo la mwanafunzi, usawa, na nafasi zilizopo shuleni. Sasa huo usawa ulipewa uzito gani? Mtoto wa Kinango, huku Kwale, alifikiriwa vipi, au hakufikiriwa kabisa? Hakuna mzazi wala mwalimu wa huku kwetu aliyeweza kunijibu. Desemba malalamiko yalipozidi likafunguliwa dirisha la kuomba kubadilishiwa shule, na waliowahi ni wenye simu nzuri, mtandao na mtu wa kuwaelekeza. Wengi wa kijijini kwetu walisikia habari za dirisha hilo likiwa limeshafungwa.

Twende darasani kidogo. Sekondari Msingi, yaani Gredi ya 7 hadi ya 9, kama mnavyojua, imewekwa ndani ya shule za msingi. Shule aliyosoma binti yangu haina maabara. Sayansi walifundishwa na mwalimu aliyesomea Historia na Dini, mwalimu wa mkataba, kijana mwenye bidii ambaye namwombea kheri hadi leo. Siku ya kufundisha kuchuja na kuvukiza maji ya chumvi alileta kutoka nyumbani kwake mtungi mdogo wa gesi, sufuria, kitambaa cheupe na chupa za plastiki alizozikata kwa kisu zikawa vikombe. Watoto walikuwa zaidi ya themanini. Wa mbele waliiona chumvi ikibaki chini ya sufuria, wa nyuma wakasimuliwa. Binti yangu alilielewa jaribio lile vizuri na alinieleza jioni ile hatua kwa hatua. Lakini vyombo vya maabara vyenyewe, vya kioo, vyenye alama za vipimo, hakuwahi kuvishika hata siku moja mpaka anamaliza Gredi ya 9. Yeye akipata pointi saba za Sayansi, na mtoto aliyekuwa na maabara kamili na darasa la wanafunzi ishirini na tano akapata nane, mnaniambia wa pili ndiye mwenye uwezo zaidi? Mimi siwezi kusema hivyo kwa uhakika. Mfumo nao hauwezi, ila unaamua.

Wala si jambo jipya. Elimu ya msingi ilipofanywa bila malipo Januari 2003 shule za umma zilifurika, wazazi waliojiweza wakahamishia watoto wao akademia, yaani shule za kibinafsi. Haikupita miaka mingi, watoto wa akademia, ambao walikuwa wachache kati ya watahiniwa wote wa KCPE, mtihani wa zamani wa darasa la nane, wakawa wanachukua sehemu kubwa ya nafasi za Alliance, Mang'u, Kenya High na nyinginezo. Mwaka 2011, waziri wa elimu akiwa Sam Ongeri, serikali ikagawa nafasi za shule za kitaifa kwa kulinganisha idadi ya watahiniwa wa kila upande: takriban asilimia 73 kwa shule za umma na 27 kwa za kibinafsi. Shule zenyewe wakati huo zilikuwa 18 tu, nyingi zikiwa Nairobi, Kiambu na Nakuru. Waliopinga walikwenda Mahakama Kuu wakashindwa, kwa sababu Katiba ya 2010, katika kifungu cha 27, inairuhusu serikali kuchukua hatua za kuwainua walioachwa nyuma.

Baadaye shule za kitaifa zikaongezwa hadi zaidi ya 100. Na katika miaka ya mwisho ya KCPE kulikuwa na utaratibu wa kuwapa nafasi watahiniwa watano bora wa kike na watano wa kiume kutoka kila kaunti ndogo. Utaratibu ule niliupenda kwa sababu hata babu asiyejua kusoma aliuelewa: mjukuu wako akiwa katika watano bora wa Kinango, anakwenda. KCPE ilikwisha 2023. Huu wa sasa nani anaweza kuueleza kwa sentensi mbili barazani, watu wakaondoka wameelewa?

Baba wa Ruiru

Mzazi mwenzangu wa Kinango, pole kwa hayo ya maabara, na huyo mwalimu apewe heshima yake. Lakini siko nawe.

Dada yangu mdogo alifanya KCPE mwaka 2010, na 2011 mgao huo unaousifu ukamkuta. Alikuwa akademia. Baba yetu alikuwa dereva wa matatu, hakuwa tajiri, na karo ya akademia ile aliilipa kwa kuuza ng'ombe wawili wa maziwa ambao ndio waliokuwa tegemeo la mama. Dada akapita alama 400. Akapelekwa shule ya wilaya ambayo hatukuwahi kuisikia, na jirani yetu wa shule ya umma, aliyekuwa chini yake kwa alama zaidi ya thelathini, akaitwa shule ya kitaifa. Yule jirani sina kinyongo naye, alikuwa mtoto mzuri. Lakini mweleze msichana wa miaka kumi na minne kwa nini jasho lake limehesabiwa nusu. Dada yangu alilia wiki nzima na kwa muda mrefu hakutaka hata kusikia habari ya kitabu. Mahakama inaweza kusema ilivyosema, lile lilikuwa kosa kwake yeye, na hakuna kifungu kilichomrudishia nafasi yake.

Jambo la pili. Serikali ndiyo iliyoshindwa kujenga maabara Kinango. Serikali ndiyo iliyompa mwalimu wa Historia somo la Sayansi. Halafu badala ya kurekebisha makosa yake inachukua nafasi ya mtoto wa Ruiru inampa mtoto wa Kinango, inatuacha sisi wazazi tukigombana, yenyewe imekaa kando. Mgao wa nafasi hauna gharama kwa serikali. Maabara ina gharama. Ndiyo maana kila mwaka wanakimbilia mgao.

Na mgao una wajanja wake. Baada ya 2011 sote tuliona watu wakihamisha watoto kutoka akademia hadi shule ya umma wanapokaribia darasa la nane, wasajiliwe huko. Mgao wa kaunti ndogo nao ulikuwa na waliopeleka watoto wao kusajiliwa mahali ambapo hawajawahi hata kulala usiku mmoja, wakachukua nafasi za watoto wa huko. Kwa hiyo huyo huyo mnayetaka kumsaidia ndiye aliyeibiwa.

Kijana wangu yuko Gredi ya 8. Nimwambie asome kwa bidii, au nimwambie pointi zake zitapunguzwa kwa sababu baba yake alimlipia karo?

Mama wa Mukuru

Nyinyi wawili mnataja akademia kana kwamba ni kitu kimoja. Mimi naishi Mukuru kwa Njenga, mtaa wa mabanda wa Nairobi. Wanangu wamesoma shule ya kibinafsi, tena kuanzia chekechea. Mnajua ikoje? Kuta za mabati, sakafu ya udongo upande mmoja, uwanja wa kucheza ni ujia ulio kati ya mitaro miwili ya maji machafu. Nalipa kidogo kidogo, wiki hii mia mbili, wiki ijayo nikipata kibarua cha kufua naongeza. Nimewapeleka huko kwa sababu shule ya umma iliyo karibu nasi imejaa, na nyingine iko ng'ambo ya barabara kubwa ambako mtoto mdogo hawezi kuvuka peke yake asubuhi na giza.

Mwaka 2011 watoto wa shule kama hii waliwekwa fungu moja na watoto wa Runda na Karen, mitaa ya matajiri, kwa sababu cheti cha shule kinasema ni ya kibinafsi. Wakawa wamepunjwa mara mbili. Serikali haikuwajengea shule, na walipojitafutia shule ya mabati wakaambiwa hao ni matajiri wa akademia.

Kwa hiyo mzazi wa Kinango, nakuunga mkono kwamba mazingira yahesabiwe. Lakini ukisema mazingira, usiniletee habari ya umma na kibinafsi. Uliza mtoto anaishi wapi, analala wapi, anasoma kwa taa ya nani. Na wewe baba wa Ruiru, sikubaliani nawe kwamba aliye na alama nyingi tu ndiye aliyetoa jasho. Mtihani haukuhesabu maji ambayo mwanangu aliyachota kabla ya kwenda shule.

Mwalimu wa Sekondari Msingi, Kilifi

Nafundisha Gredi ya 7 hadi ya 9, na kuna mahali mnapapita haraka mno. Ni zile asilimia 20 za kazi za shuleni.

Kazi hizo zinatoka KNEC, baraza la mitihani, kupitia tovuti yao. Shule inazipakua, inazichapisha, watoto wanazifanya, mwalimu anasahihisha, kisha alama zinapandishwa kwenye tovuti hiyo hiyo. Kwenye karatasi utaratibu ni mzuri. Sasa fikirieni shule ambayo haina umeme wala printa. Mwalimu anabeba faili kwenye simu hadi mjini, analipa kila ukurasa kwa pesa zake au za mchango wa wazazi. Ukurasa ukiwa na mchoro wa rangi unatoka mweusi. Mradi ukihitaji gundi, karatasi ngumu na rangi, mtoto analeta alichopata. Nimewahi kusahihisha mradi wa ufundi uliotengenezwa kwa udongo wa mfinyanzi na vijiti vya mnazi, kazi ya akili kweli kweli, na mwongozo wa kusahihisha ukawa unauliza mambo ya vifaa vya dukani. Niliumia, na bado naumia nikiukumbuka.

Hayo ni upande mmoja. Upande mwingine ni sisi walimu wenyewe, na lazima tuseme ukweli. Alama hizo anatoa mwalimu wa mtoto, na shule inataka sifa. Kuna shule zinazogawa alama za juu kwa kila mtoto. Kuna nyingine zinasahihisha kwa uadilifu, na watoto wao wanaadhibiwa kwa uadilifu wa mwalimu wao. Pale ambapo pointi moja inaamua kama mtoto anakwenda C1 au anabaki C3, zilizokuwa shule za kaunti, huo si mchezo.

Kwa maoni yangu kazi za darasani zibaki, kwa sababu zinamsaidia mtoto kujifunza na zinanisaidia mimi kumjua. Lakini zisitumike kupanga nafasi mpaka kuwe na njia ya kuzikagua, kwa mfano kulinganisha alama za shule nzima na matokeo ya shule hiyo hiyo katika mtihani wa Gredi ya 9. Shule ikiwa na watoto wote juu darasani na wote chini mtihanini, jibu liko wazi.

Kuhusu watano bora wa kila kaunti ndogo, niko na mzazi wa Kinango. Kule nilikofundisha awali, Ganze, watoto waliamini kabisa kwamba nafasi zile ni zao. Ungemwona mtoto wa darasa la saba akihesabu nani na nani wako mbele yake katika kaunti ndogo, akirudi kwenye kitabu. Sasa hivi mtoto ananiuliza, "Mwalimu, nikipata pointi ngapi naenda C1?" na sina la kumjibu.

Mkenya wa Chicago

Nawasalimu kutoka mbali. Nilizaliwa Voi, wanangu wanasoma shule za umma hapa Chicago, na mjadala wenu huu ndio tunaoishi nao huku. Kuna shule za upili za umma zinazochagua wanafunzi, kama Walter Payton na Whitney Young, na nafasi hazitoshi hata kidogo.

Zamani jiji hili liligawa nafasi kwa kuangalia rangi ya mtoto, kwa amri ya mahakama. Amri hiyo ilipoondolewa 2009 wakatafuta njia nyingine, nayo inamgusa sana mama wa Mukuru. Mitaa ya jiji lote imegawanywa katika madaraja manne kwa kuangalia mambo kama kipato cha watu wa mtaa, kiwango cha elimu cha watu wazima, familia zenye mzazi mmoja na lugha inayosemwa nyumbani. Asilimia 30 ya nafasi za kila shule zinakwenda kwa wenye alama za juu kabisa, wawe wametoka wapi. Asilimia 70 zinagawanywa sawa kwa madaraja yale manne, na ndani ya kila daraja watoto wanashindana wenyewe kwa wenyewe kwa alama. Alama zenyewe ni nusu za darasani na nusu za mtihani. Kila mzazi anaingiza anwani yake anaona daraja lake. Baada ya kuchagua, jiji linatangaza alama za chini zilizoingiza mtoto katika kila shule kwa kila daraja. Ukikosa unajua umekosa kwa pointi ngapi.

Hakuna cha umma wala cha kibinafsi hapo. Mtoto wa Mukuru angekuwa daraja la kwanza, la mitaa yenye hali ngumu zaidi, hata kama shule yake ni ya mabati ya mtu binafsi, na wa Runda angekuwa la nne hata akisoma shule ya umma.

New York wao wameshikilia mtihani mmoja tu kwa shule zao maarufu. Mwaka 2019 shule ya Stuyvesant ilitoa nafasi 895, na watoto weusi waliopata walikuwa saba. Katika jiji lile lenye watoto weusi wengi namna ile! Wapo wanaoutetea mtihani huo kwa nguvu, wengi wao wahamiaji maskini kutoka Asia ambao watoto wao wanaukesha, na hoja yao ni ile ile ya baba wa Ruiru: mtihani haujui jina la baba yako. Siwadharau. Lakini nikiulizwa mfumo upi ningependa kwa watoto wa Voi, ningetaja wa Chicago bila kusita.

Wajanja wapo huku pia. Watu hutumia anwani ya shangazi. Wakigunduliwa mtoto anatolewa.

Mzazi wa Mandera

Nasoma kila neno. Nataka mkumbuke kwamba huku kwetu suala lilianza na walimu kabla ya maabara. Baada ya mauaji ya Novemba 2014, watu waliposhushwa kwenye basi la Mandera na walimu wakawa miongoni mwa waliouawa, walimu wengi wasio wenyeji waliondoka. Garissa, Januari 2020, walimu watatu waliuawa Kamuthe, na TSC, tume inayoajiri walimu, ikahamisha wengi. Kuna watoto waliosoma miaka na vijana waliotoka tu kidato cha nne wakishika chaki kwa niaba ya mwalimu. Mtoto kama huyo akipata pointi 50, mimi namhesabu shujaa. Msimlinganishe na mtu.

Baba wa Ruiru

Hilo la Mandera sina jibu lake. Mtoto huyo apewe nafasi, na kama ni ya kijana wangu na iwe.

Na huo mpango wa Chicago sijawahi kuusikia, ila naona una kitu ambacho cha 2011 hakikuwa nacho: unaacha fungu la wazi kwa alama tupu, na kila mtu anajua kanuni mapema. Dada yangu angejua anashindania nini. Lakini msinifunge mdomo kuhusu maabara. Tukikubali mgao bila tarehe ya kujenga, miaka kumi ijayo tutakuwa hapa hapa, na Gredi ya 9 ya Kinango itakuwa bado inachuja maji kwa kitambaa.

Mzazi wa Kinango

Baba wa Ruiru, hapo umesema kweli na nashukuru. Wala sikuomba mgao uwe badala ya maabara. Naomba vyote viwili, kwa sababu mtoto aliye Gredi ya 8 leo hawezi kungoja jengo litakalokamilika akiwa na watoto wake.

Mama wa Mukuru, maneno yako nimeyachukua kama yalivyo. Mtaa wa mtoto ndio uhesabiwe, jina la shule liachwe. Huku kwetu hilo halina ugumu, kata tunazijua na hali ya kila kata inajulikana serikalini.

Kuna jambo ambalo hatujaligusa, nalo linanikera kuliko yote. Kupata nafasi na kuingia shuleni ni mambo mawili. Binti wa jirani yangu aliitwa shule ya C1 iliyo zaidi ya kilomita mia tano kutoka hapa. Karo ya bweni kwa shule za kundi hilo, kwa mwongozo wa wizara, ni shilingi 53,554 kwa mwaka. Barua ya kujiunga nikaisoma mimi mwenyewe, nimeketi na babake mkekani: godoro, sanduku la chuma lenye kufuli, blanketi, shuka jozi mbili za rangi iliyotajwa, ndoo, viatu vya shule na vya michezo, kikokotoo cha aina fulani, kamusi, na sare zote zinunuliwe shuleni kwenyewe, pesa taslimu siku ya kuripoti. Babake anachoma makaa. Alikaa na barua ile akiikunja na kuikunjua, akaniuliza kama shule itakubali godoro alilonalo nyumbani. Waliomba basari, jibu lilichelewa. Ufadhili wa Wings to Fly na ule uitwao Elimu Scholarship umewainua watoto wengi na wafadhili tunawashukuru, lakini unachukua wachache na yeye hakuwa kati yao. Mwezi wa pili msichana yule alikuwa shule ya kutwa hapa hapa, na nafasi yake kule sijui alipewa nani.

Kwa hiyo hata tukipata mpango bora kuliko wa Chicago, kama nafasi ya mtoto wa kata maskini haiji pamoja na karo na nauli, tunagawa barua tu. Nafasi za usawa na ufadhili vitoke kwenye ofisi moja, siku moja, kwa orodha moja. Mtoto akipangiwa C1 kwa fungu la kata maskini, barua yake iseme pale pale kwamba karo imelipwa.

Mwalimu wa Sekondari Msingi, Kilifi

Naongeza moja juu ya hilo. Shule nazo zichapishe waliopangiwa kutoka kila kaunti ndogo na walioripoti kweli. Tukiwa na tarakimu hizo mbili zikiwekwa kando kando tutaona mapengo yako wapi, na tutajua nafasi zilizoachwa zilijazwa kwa utaratibu gani. Nimesikia manung'uniko mengi kuhusu nafasi za dakika za mwisho, na tarakimu pekee ndizo zitakazoonyesha kama yana ukweli.

Mama wa Mukuru

Na ziwekwe mahali tunapofika, jamani. Ukutani kwa chifu, ubaoni shuleni. Si kwenye tovuti peke yake.

Mzazi wa Kinango

Nimekubali, na hilo la ukutani kwa chifu nitaliandika la kwanza.

Wazazi wa huku tunaandika barua kwa mkurugenzi wa elimu wa kaunti na nakala kwa mbunge wetu. Tunataka kanuni ya kupanga nafasi za Gredi ya 10 ichapishwe kabla ya mtihani ujao, ikiwa na uzito wa kila kigezo. Tunataka kazi za darasani zikaguliwe au ziondolewe kwenye upangaji, kama alivyoeleza mwalimu. Fungu la kata maskini lije na karo yake. Na maabara za Sekondari Msingi zipewe tarehe, hii nimeiandika kwa ajili ya baba wa Ruiru pia.

Barua bila tarakimu haina nguvu. Naomba kila mmoja wenu, popote alipo, aulize shule ya Sekondari Msingi iliyo karibu naye maswali mawili: watoto wangapi waliitwa C1, na wangapi waliripoti. Leteni hapa pamoja na jina la kaunti ndogo, bila majina ya watoto. Za kata yetu ninazikusanya wiki hii, nikizipata zote nitaziweka chini ya ujumbe huu.